Madeni ya siri: Simu yajua, mume na mke hawajui

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini wahenga hao hawakuwahi kuona harusi ifanywayo saa saba za usiku chini ya blanketi, simu imemulika uso wa mtu mmoja huku mwenzake akikoroma ubavuni, asijue kwamba nyumba yao imeingia deni jingine.

Mbotela ni mtaa wa wafanyakazi tangu zama za ukoloni. Ulijengwa katika miaka ya 1950 ukapewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952. Upo kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na Kaloleni na Makongeni, na wakazi wengi huenda kazini Eneo la Viwanda kwa miguu. Nyumba zenyewe ni ndogo, na nje yake vimeongezwa vyumba vya mabati vya kupangisha. Mtoto akikohoa usiku, jirani humpa pole asubuhi. Hilo ndilo linaloshangaza: katika nyumba isiyoweza kuficha kikohozi, mume anaweza kuficha deni la Sh40,000 kwa miezi sita, na mke naye akawa na lake.

Madeni hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumzia leo. Si mkopo wa kununua ploti wala wa kujenga mashambani, ambao aghalabu hujadiliwa na familia nzima mpaka shangazi akaulizwa maoni. Ni vijideni vya Sh500, Sh1,000 na Sh3,000 vinavyochukuliwa kununulia unga, tokeni za stima na nauli. Ni vidogo, kwa hiyo havitajwi. Havitajwi, kwa hiyo huzaana.

Daftari la duka

Miaka ya nyuma mtu akikopa mtaani, mtaa ulijua. Mtoto alitumwa dukani na kijikaratasi: sukari nusu, mkate mmoja, mafuta ya taa chupa moja, andika. Mwenye duka aliandika kwenye daftari na waliokuwa foleni wakasikia. Aliyeajiriwa Shirika la Reli au Halmashauri ya Jiji alikopa katika chama cha akiba na mikopo, na huko ilimbidi awaombe wafanyakazi wenzake wamwekee sahihi za udhamini. Hata shailoki, yule mkopeshaji wa riba ya kunyonga, alijulikana kwa sura. Akionekana mlangoni jioni, kila mtu alielewa kilichomleta.

Aibu ilikuwa hatamu. Iliwaumiza wengi na hatutaisifu kupita kiasi, lakini ilimfanya mtu afikiri mara mbili.

Simu ya mkononi iliivua hatamu hiyo. M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa kutuma na kupokea pesa tu. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, na mtu akaweza kukopa bila kuonana na karani wa benki. Zikafuata programu za mikopo chungu nzima, kisha mapema mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayokuwezesha kulipa hata kama salio lako halitoshi. Hakuna mdhamini, hakuna foleni, hakuna wa kukuuliza pesa ni za nini.

Mwaka huo wa 2019 shirika la utafiti la MicroSave lilieleza kwamba Wakenya milioni 2.7 walikuwa wameorodheshwa na mashirika ya CRB kuwa walipaji wabaya, na kati yao 400,000 walikuwa wanadaiwa chini ya dola mbili, yaani kama Sh200. Mtu anakosa sifa ya kukopa mtaji wa biashara kwa deni lisilozidi bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili ilivyokuwa katikati ya mwaka 2022!

Hata hivyo, tusiitukane simu. Mtoto akishikwa na homa usiku wa tarehe 27, na dawa zinauzwa kwa pesa taslimu, mkopo wa dakika moja ni rehema. Wanaohubiri kwamba watu waache kabisa kukopa kwa simu bila shaka hawajapata kukaa na mgonjwa kabla ya mshahara. Ubaya unaanza pale rehema inapogeuka kuwa sehemu ya bajeti, mwezi baada ya mwezi, ikiziba pengo ambalo halizibiki.

Bei ya siri

Chukua kalamu, msomaji, tupige hesabu pamoja.

M-Shwari ilipoanza, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Programu nyingine zilitoza zaidi ya hapo, lakini tushike kiwango hicho. Tuseme mama mmoja anakopa Sh5,000 kila mwezi kuongezea matumizi ya nyumbani, analipa, kisha anakopa tena. Kila mara ada ni Sh375. Inaonekana ndogo, bei ya nyama ya Jumapili. Mwaka ukiisha amelipa Sh4,500 za ada peke yake, na zile Sh5,000 bado anadaiwa.

Sasa mpeleke mama huyo huyo kwenye chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, kama vinavyofanya vingi. Akichukua Sh5,000 na kuzilipa kwa mafungu 12 yaliyo sawa, riba yote ya mwaka itakuwa Sh325. Yaani mwaka mzima wa chama ni rahisi kuliko mwezi mmoja wa simu.

Kwa nini basi watu waache cha Sh325 wakimbilie cha Sh4,500? Haraka ni sababu moja. Lakini kuna nyingine ambayo hatupendi kuisema. Mkopo wa chama unadai uwe umeweka akiba, uombe wadhamini, ueleze shida yako kwa kamati. Mkopo wa simu haumwambii mtu. Ile tofauti ya pesa, kwa sehemu kubwa, ni bei ya siri, na familia nyingi za mapato madogo zinainunua siri hiyo kwa pesa za karo.

Hazina ya Hastla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, imekaa katikati. Nayo huchukuliwa kwa simu na kimya kimya, lakini riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo wa Sh5,000 kwa siku 14 unagharimu kama Sh15 za riba, ingawa hupokei zote mkononi kwa sababu asilimia 5 huwekwa akiba. Kwa anayelazimika kukopa, huo ni nafuu mno. Usipolipa kwa wakati riba hupanda hadi asilimia 9.5, na usitarajie kuongezewa kiwango.

Kuhusu Fuliza kuna jambo ambalo wengi hulijua siku limewakuta. Ada zake zilipunguzwa Oktoba 2022, na hilo ni jema. Lakini ukiwa na deni, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako hukatwa kwanza kulipia deni. Dada yako wa Nakuru akikutumia Sh1,500 za dawa ya mama mzazi, simu haijui kwamba ni za dawa. Unabaki ukimweleza dada kwa nini dawa haikununuliwa, na hapo ndipo siri inapofichuka vibaya.

Mshahara ulishakatwa

Kuna wanaodhani wenye madeni ni watu wasiojua kupanga. Si kweli kila mara. Tuseme baba ameajiriwa kwa mshahara wa Sh30,000. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75, yaani Sh825. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, Sh450. NSSF asilimia 6, Sh1,800. Hizo ni Sh3,075 zilizokwenda kabla hata ya kodi ya mapato, na kabla ya baba kukata mkopo wake wa ushirika. Mwaka 2022, kabla ya viwango vipya vya NSSF kuanza kutozwa Februari 2023, mchango wa chini wa mfanyakazi ulikuwa Sh200. Mshahara wa kuandikwa haukupungua, wa kushikwa umepungua, na watoto hawajapunguza kula.

Mama naye, tuseme anauza mitumba Gikomba. Kuna siku anarudi na Sh1,200, kuna siku mvua imenyesha anarudi na nauli. Utafiti uliofuatilia mapato na matumizi ya karibu familia 300 nchini kwa mwaka mzima kati ya 2012 na 2013, ambao ripoti yake iliitwa Shilingi kwa Shilingi, ulionyesha jambo hilo hilo: tatizo la familia ndogo si uchache wa pesa tu, ni kutotabirika kwake. Kodi ya nyumba ina tarehe. Biashara haina.

Kuzungumza

Ndiyo maana kazi ya kwanza si kupunguza sukari kwenye chai. Ni kuweka madeni yote ya nyumba kwenye karatasi moja.

Ni rahisi kusema. Katika nyumba nyingi mume na mke wanajua mshahara wa jirani kuliko wa mwenzi wao. Mazungumzo haya yakianza vibaya huishia kwa mtu kulala kwa kaka yake. Basi usiyaanze tarehe ya mshahara, wala mtu anapoingia mlangoni amechoka, wala mbele ya mgeni. Jumapili alasiri ni wakati mzuri. Na kubwa kuliko yote, usianze kwa kudai simu ya mwenzako. Anza na deni lako mwenyewe. "Baba Nanii, kuna pesa ninadaiwa ambazo sijakuambia. Nimeziandika hapa." Ukisema hivyo na kusukuma daftari mezani, humwachii nafasi kubwa ya kupiga kelele, kwa sababu naye anajua kilicho ndani ya simu yake.

Andikeni kila kitu: nani anadai, kiasi gani, lini, na ada ni ngapi ukichelewa. Simu, duka, chama, kazini, mama mboga, shemeji. Andikeni na yale mliyoandikisha dhamana. Wanawake wengi wamechukua mikopo ya vikundi wakaandikisha televisheni, sofa na mtungi wa gesi, na mume hajui kwamba kiti anachokalia akitazama mpira ni mali ya kikundi mpaka deni liishe.

Jumla ikipatikana, msiogope. Mara nyingi ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa, lakini sasa ina mwisho. Ikiwa mmoja wenu ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, ulizeni kama mnaweza kuchukua mkopo mmoja wa kulipia madeni yote ya simu kwa mpigo. Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Deni linabaki, lakini lina mdai mmoja, tarehe moja na riba ndogo. Sharti ni moja tu: programu zilizolipwa zifutwe kwenye simu siku hiyo hiyo, na Fuliza ikishalipwa mtu ajiondoe. Anayelipa madeni saba kwa mkopo mmoja kisha akaiacha milango saba wazi atakuwa na madeni manane kabla ya Krismasi.

Wenye biashara ndogo wasio na ushirika hutegemea chama cha mzunguko. Ni kizuri, lakini ulizeni masharti. Si ajabu kukuta kikundi kinachokopeshana kwa asilimia 10 kwa mwezi, eti kwa sababu riba inarudi kwetu. Inarudi, naam, lakini kwa yule asiyekopa.

Pa kupunguza

Kwenye kupunguza matumizi kuna uonevu mmoja ambao umezoeleka. Ushauri wote huelekezwa kwa akina mama: acha saluni, acha kusuka, acha kitenge cha harusi. Chupa mbili za baba kila Ijumaa na kamari ya mpira ya Sh50 kila siku haviko kwenye orodha, huitwa pesa za mfukoni. Sh50 kwa siku ni Sh1,500 kwa mwezi. Kama daftari limefunguliwa, lifunguliwe kwa wote wawili.

Chakula ndicho kinachokula pesa nyingi, lakini kisiwe cha kwanza kukatwa kwa kiasi. Kikatwe kwa namna ya kununua. Umaskini wa jijini una ghali yake: ukinunua mafuta kwa kipimo cha vijiko, sukari kwa karatasi na makaa kwa kopo, unalipa zaidi kuliko tajiri anayebeba mtungi mzima. Fanya jaribio hili. Kila ukinunua kipimo cha mafuta, kimimine kwanza kwenye chupa tupu ya nusu lita na uandike uliyolipa. Chupa ikijaa, jumlisha, kisha uliza bei ya nusu lita dukani. Tofauti hiyo ndiyo unayolipa kwa kukosa pesa za pamoja, na ndiyo sababu pesa za kwanza zitakazookolewa zinunue mafuta na unga wa wiki mbili, zisilipe deni.

Familia nyingi Eastlands zimerudia gorogoro ya mahindi na mashine ya kusaga. Unga wake hushibisha zaidi ya ule mweupe wa pakiti na kwa kawaida ni nafuu, ilmuradi mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu. Maharagwe na githeri vichemshwe vya siku tatu kwa moto mmoja. Omena mara mbili kwa wiki wana faida kuliko nyama robo inayogombaniwa na watu sita. Maziwa ya mtoto mdogo msiyaguse.

Yako matumizi yanayouma kuyataja, nayo ni michango. Mazishi, harusi, bili za hospitali, kila wiki kuna kikundi kipya kwenye simu, na majina ya waliotoa huorodheshwa kila mtu aone. Wapo wanaokopa ili wachange. Tunajua utu ni nini na siku ya msiba wako utawahitaji watu. Lakini Sh200 uliyonayo ni mchango, na Sh1,000 uliyokopa ni deni. Familia ipange kiasi cha michango kwa mwezi kama inavyopanga stima. Kikiisha, mtu aende kwenye matanga kwa miguu yake, aoshe vyombo, akeshe. Hilo nalo huhesabiwa.

Watoto wa shule ya upili waelezwe hali, si kwa kutishwa, bali kwa hesabu. Kijana wa miaka 15 anayejua jumla ya deni la nyumbani hatadai viatu vya bei ya kodi ya nyumba. Asiyejua ana haki ya kuuliza kwa nini mwenzake anavyo.

Wadai wakipiga simu

Familia iliyo na madeni huishi kwa hofu ya simu isiyojulikana. Basi ni vizuri kujua sheria inasemaje. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho na matusi, au kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Akimpigia mwajiri wako au mama mkwe, andika tarehe na nambari, hifadhi ujumbe, upeleke malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Kulinda Data. Deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kupelekwa CRB. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka, na inafaa uiangalie, maana kuna watu waliolipa zamani na jina halijasafishwa.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Naye mdai anayetaka kuchukua vyombo vya nyumbani hawezi kuja na vijana wa mtaani. Anahitaji amri ya korti na dalali mwenye leseni, na hata hapo sheria inalinda nguo za lazima, sufuria, vitanda na matandiko, pamoja na vifaa vya kazi vya fundi. Ila ulichoandikisha kwa hiari yako kuwa dhamana ni habari nyingine. Soma kabla ya kutia sahihi.

Ukiona hutaweza kulipa, nenda mapema. Mwalimu mkuu anayeletewa nusu ya karo Januari pamoja na tarehe ya nusu ya pili husikiliza kuliko yule anayekimbiwa hadi Machi. Mwenye nyumba vivyo hivyo.

Swali linalobaki ni nani alipwe kwanza. Walimu wa hesabu watakuambia uanze na deni lenye riba kubwa, na kwa madeni ya simu hilo ni sawa kabisa. Lakini mama mboga hatozi riba, hivyo kwa hesabu hiyo angelipwa mwisho, na ndivyo anavyofanywa na wengi. Hatumi ujumbe wa vitisho, hana pa kukushtaki. Anachofanya ni kukupunga mkono ukipita upande wa pili wa barabara ukijifanya unaongea na simu. Sukuma wiki yake ya tarehe 25 ndiyo iliyowalisha watoto wako, na yeye huinunua kwa pesa taslimu, saa kumi za alfajiri, Marikiti. Mlipe yeye leo jioni, kabla hujafungua simu.